Waya wa Printa na Sauti ya Mama Mkubwa

Kama umewahi kupita sokoni Tandika, au Mbagala, au hata Tandale huko, sauti yangu unaijua. Mie ndiye yule mwanamke wa kwenye kipaza cha dawa ya kunguni. "Dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya! Panya akila anatoka nje mwenyewe, hanuki, hasumbui!" Ndiyo, mie huyo. Maneno hayo niliyasema mara moja tu, asubuhi moja nina mafua, na tangu siku hiyo yanazunguka mjini kwa baiskeli na kwa toroli. Niliwahi kuwa msibani, tumekaa tumejiinamia, nikajisikia napita barabarani nanadi sumu. Nilijifunika khanga usoni, watu wakadhani nalia.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Narekodi matangazo ya wafanyabiashara wadogo: wa viatu vya mtumba, wa vyombo vya plastiki, wa kununua simu mbovu. Ofisi ni chumba cha pili cha nyumba yangu hapa Tandika, na mtaji ni kompyuta ya mtumba na maiki moja ya USB, ile unayoichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ukaanza kuongea. Miaka yote hiyo sikuwahi kuwaza kwamba kuna aina za kuchomeka. Kwangu kuchomeka kulikuwa kuchomeka.

Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada yake mama yangu, na mama alipofariki nikiwa mdogo ndiye aliyenilea. Anakaa Mtoni. Huko wanamjua kwa kaswida. Ana kikundi cha kina mama saba, yeye wa nane, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna bi harusi wa ukoo wetu aliyetoka chumbani bila yeye kusimama mlangoni. Ndiyo desturi yetu. Bwana harusi anaweza kuwa amefika na msafara wake wote, magari yanaunguruma nje, lakini bi harusi havuki kizingiti mpaka bibi wa nyumba aanze kuimba na kina mama wamwitikie. Bibi anatoa: "Mlango tumeufungua, mwana wetu twamtoa." Kina mama wanapokea: "Twamtoa kwa salama, twamtoa." Beti nne, na kwenye ule wa nne mguu wa bi harusi ndio unavuka. Aliwahi kumsubirisha bwana harusi mmoja robo saa nzima kwa sababu kuna mtu alikuwa anapiga soga wakati yeye anataka kuanza.

Basi mjukuu wake, binti aliyemlea mwenyewe tangu ananyonya, akapata mchumba wa Kunduchi. Tarehe ikapangwa. Na wakati huohuo ule uvimbe wa tezi shingoni, ambao mama mkubwa alikuwa anauficha kwa mtandio miaka nenda miaka rudi, ukaanza kumkaba. Akilala chali hapumui vizuri. Akipanda ngazi tatu anasimama. Daktari akasema huu utolewe, tena haraka, akampangia siku, wiki nne kabla ya harusi. Wala hakumficha kitu. Alimwambia kwamba mahali penyewe ni jirani na mishipa ya sauti, kwamba sauti inaweza kupotea kwa wiki au kwa miezi, na ikirudi inaweza isiwe ileile.

Mama mkubwa akarudi nyumbani, akavua viatu, akakaa, akasema, "Siendi."

Tulidhani utani. Haukuwa utani.

"Mjukuu wangu atoke kwanza," alisema. "Nikishamtoa, wanikate wanapotaka."

"Mama mkubwa, daktari kasema uvimbe unabana njia ya hewa."

"Umenibana miaka kumi na ushee. Leo ndo ushindwe kungoja mwezi mmoja?"

Ukoo mzima ulikwenda kumbembeleza. Bi harusi alilia, akasema ataahirisha harusi, akafokewa mpaka akaenda kujificha jikoni. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshapandwa na hasira, maana mie kwa hasira sijambo, na hasira yangu ikichanganyika na woga hutoa maneno ambayo sijayapanga. Nikamwambia, "Nikihakikisha siku ya harusi sauti yako ndiyo inayomtoa huyu mtoto, wewe unatoa na kina mama wanakuitikia, utakwenda hospitali?"

Akanigeukia. "Utanirekodi kama dawa ya kunguni?"

"Nitakurekodi vizuri kuliko dawa ya kunguni."

"Sitaki kaseti mie," akasema. "Mkiweka wimbo mzima na kina mama humohumo, hao watakaosimama mlangoni watafanya kazi gani? Watapiga picha na simu? Mie naitikiwa na watu, siitikiwi na mashine. Iwe sauti yangu peke yake, na wao waitikie palepale, kwa midomo yao."

"Sawa."

"Ukishindwa, siendi hospitali."

Zilikuwa zimebaki siku tisa mpaka ile tarehe ya hospitali.

Kesho yake nilimleta Tandika, nikamkalisha mbele ya maiki yangu, nikafunga dirisha, nikamwambia aimbe. Akaimba mistari miwili akanyamaza.

"Nani ananiitikia?"

"Hakuna, mama mkubwa. Wewe imba tu, unaacha nafasi."

"Siimbi na ukuta."

Nikamlaumu kimoyomoyo, lakini alikuwa na haki. Anayetoa kaswida hajui ataimbaje mstari unaofuata mpaka asikie alivyoitikiwa. Wakiitikia kwa nguvu anapanda, wakilegea anawavuta, akimwona mmoja anasinzia anamchapa na mstari. Ukimweka peke yake unakuwa umemnyang'anya nusu ya wimbo.

Basi nikawaita kina mama wote saba, wakaizunguka maiki yangu moja. Wakaimba vizuri mpaka nikasisimka. Lakini nilipokwenda kuwaondoa wao nibaki na mama mkubwa, haikuwezekana, maana wote waliingia kwa mlango mmoja. Chumvi ikishayeyuka kwenye mchuzi huwezi kuitoa kwa kijiko.

Nikatafuta maiki ya pili ya USB kama ile ya kwanza. Nilijiona mjanja. Kompyuta ikaisikiliza moja na kuipuuza nyingine. Nikailazimisha kwa njia za kuzungukazunguka mpaka ikakubali zote mbili, tukarekodi, na kufika ubeti wa tatu kina mama walikuwa wanaitikia kabla mama mkubwa hajatoa. Kumbe kila maiki ina saa yake ndani, na saa mbili haziendi sawasawa. Nilitupa kalamu ukutani.

Hapo ndipo nikaenda kwa jirani yangu, mwalimu wa kwaya, mtu wa Mbeya, mpole, mwenye jibu la kila kitu. Akanieleza vizuri sana. Ninachohitaji ni saundi kadi, kisanduku cha nje ambacho maiki za kawaida zinachomekwa humo, kisha chenyewe, kwa saa moja na waya mmoja, kinaipelekea kompyuta kila maiki kwenye njia yake. Ukitaka kumfuta mtu, unaifunga njia yake.

"Swali lililobaki," akasema, "ni waya gani wa kukiunganisha na kompyuta."

Na hapo ndipo tulipopotea, kwa sababu mwalimu ni mtu wa kasi. Kwake kila kitu kipimwe kwa kasi. Yeye mwenyewe alikuwa na kisanduku kimoja kwenye gunia, chuma kizito chenye matundu manane, kilichotumika kanisani zamani. Kinatumia waya unaoitwa fayawaya. Akanipa bure, na nilishukuru. Kompyuta yangu haina tundu la fayawaya. Akaleta kiunganishi cha kugeuza fayawaya kuwa kitu kingine, na kiunganishi kingine cha kukigeuza hicho kitu kingine, na cha tatu. Vikaning'inia pale mezani kama mishikaki. Tukawasha. Taa ya kijani ikawaka.

"Imewaka!" akasema mwalimu, tukapeana mikono.

Kompyuta haikuona chochote. Tulihangaika siku nzima. Fayawaya ilikuwa nzuri enzi zake, ila kompyuta za siku hizi zimeshaiacha, na hakuna mtu wa kuzikumbusha.

"Basi chukua kisanduku cha waya wenye alama ya radi," mwalimu akasema. "Hiyo ndiyo yenye kasi kuliko zote, na tundu lake ni taipu C, lile dogo kama la chaja za simu za siku hizi, na kompyuta yako tundu la taipu C inalo. Chukua ya matundu manane. Watu si wako wanane?"

Nikaenda Kariakoo. Na hapa naomba niseme kosa letu, maana si langu peke yangu, ni la mji mzima. Sisi tunapima vitu kwa taa. Nenda kanunue redio, pasi, chaja, betri ya jua, muuzaji anachomeka, taa inawaka, anasema "umeona?", nawe unajibu "nimeona", basi, mzigo unafungwa. Ikiwaka ni nzima. Muuzaji akachomeka kisanduku cha alama ya radi kwenye umeme pale kaunta. Kikawaka taa nane kwa mpigo, nzuri, za bluu. Kompyuta nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikaondoka nimekikumbatia mpaka Tandika.

Nyumbani nikachukua waya, nikachomeka kwenye tundu la taipu C. Ukaingia barabara. Taa zikawaka zote. Na kompyuta, kimya. Nikachomoa, nikachomeka. Kimya. Nikaizima nikaiwasha. Kimya. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nikamwona mawazoni mama mkubwa amelala chali hapumui, nikakaa chini nikalia kwa hasira, nikijitukana kwa sauti ileile ya kunadi dawa ya panya.

Kulipokucha nilifanya jambo ambalo watu wa kwetu hatulifanyi. Nilisoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Niliisoma neno kwa neno, ya herufi ndogo, na tafsiri nikiitafuta kwenye simu. Ikasema wazi kwamba umbo la tundu si hoja. Matundu mawili yanaweza kufanana umbo, waya ukaingia kote kuwili bila shida, lakini yanayopita ndani yakawa tofauti. Kisanduku hiki kinataka tundu lenye alama ya radi pembeni yake. Nikaigeuza kompyuta yangu. Pembeni ya tundu hakuna radi. Palikuwa na stika ya muuzaji na kovu la kuanguka.

Lakini mkosi ule ulinifungua akili, maana kwa mara ya kwanza nikaacha kuuliza waya upi una kasi, nikajiuliza mie nabeba nini. Nina flashi ya USB ya zamani, imepasuka, nimeifunga na mpira. Flashi hiyo inahamisha filamu nzima kwa dakika chache. Filamu nzima, picha na sauti na watu wanapigana! Na mie nina bibi mmoja na kina mama saba, sauti tupu. Nilikuwa nakodi lori kwa ajili ya mafungu mawili ya mchicha.

Kisha likaja la pili. Mwalimu alihesabu watu wanane akasema matundu manane. Lakini mie sina haja ya kumtenganisha mama wa kwanza na wa pili. Nina haja ya kumtenganisha mama mkubwa na wengine. Njia moja yake, njia moja ya kina mama wote. Mawili. Nilisimama katikati ya chumba nikapiga makofi peke yangu. Mawili tu, jamani!

Safari hii Kariakoo nilikwenda na kompyuta begani.

Muuzaji aliponiona na boksi akaonesha kwa kalamu ule ubao ulio juu ya kichwa chake: mali ikishauzwa hairudishwi.

"Sirudishi," nikasema. "Nabadilisha."

"Dada, jana si uliona taa zimewaka?"

"Nimeziona. Kwani mie nimenunua taa?"

"Basi kompyuta yako mbovu."

Nikaiweka kompyuta juu ya kaunta, nikachomeka mbele yake, nikamwambia anioneshe. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akapuliza tundu kwa mdomo. Wateja wakaanza kusogea. Akasema kwamba dukani kwake hawabadilishi, kwamba nimeshafungua boksi, kwamba yeye ni mfanyakazi tu. Hapo damu ikanipanda kichwani, na mie nikipandisha sauti inatoka ile ya kazini, siwezi kuizuia. "Jamani, nimeuziwa kitu hakifanyi kazi, nimekuja kistaarabu, sijatukana mtu, sijavunja kitu!"

Duka zima likanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa ananunua betri akanigeukia, akanitazama mdomo.

"We si wa dawa ya kunguni?"

"Ndo mie."

"Wallahi ni yeye! Jamani, ndo huyu! Anapita kwetu kila siku!"

Kikaanza kicheko. Mtu akaomba niseme ile ya panya. Nikaisema, yote, mpaka pale anapotoka nje mwenyewe. Watu wakashangilia, na muuzaji mwenyewe akacheka mpaka akaegemea rafu. Ukishacheka na mtu hivyo huwezi tena kumwonesha ubao. Akafuta machozi akasema, "Haya dada, unataka kipi?"

Nikamwonesha kwenye rafu ya chini kabisa kisanduku cheusi, kidogo, matundu mawili ya maiki mbele, na nyuma tundu la mraba.

"Hicho?" akashangaa. "Hilo si tundu la printa?"

"Ndo hilo hilo."

"Dada, hiyo USB ya zamani. Ina waya wa printa. Utachekwa."

"Nichekwe. Leta na maiki mbili tujaribu."

"Subiri nikuwashie uone ta..."

"Sitaki kuona taa!"

Nikachomeka mwenyewe. Kompyuta ikakiona hapohapo, ikaandika jina lake. Nikampa muuzaji maiki moja, mie nikashika nyingine, nikasogea hatua kadhaa, nikamwambia tuongee kwa pamoja. Yeye akanadi spika zake, mie nikanadi kunguni wangu, kila mtu na lake, fujo tupu. Kisha nikafunga njia yake nikacheza tulichorekodi. Nilibaki mie, na yeye kwa mbali sana, mithili ya mtu wa nyumba ya jirani. Nikafungua yake nikafunga yangu. Akabaki yeye.

"Umenifuta!" akasema, macho yamemtoka. "Dada, umenifuta!"

Kisanduku changu kilikuwa cha bei ndogo kuliko kile cha radi, kwa hiyo kilichozidi nikakichukua kwa zile maiki mbili na nyaya zake. Tuliagana kwa amani, na mpaka leo tangazo la duka lake narekodi mie. Nilivuka barabara ya Msimbazi nimeinua kichwa utadhani nimechaguliwa udiwani.

Tulirekodi Mtoni, baada ya alasiri, siku mbili kabla ya hospitali. Kina mama walikaa mkekani sebuleni na maiki yao katikati. Mama mkubwa nilimweka chumbani mlangoni, magodoro mawili nimeyasimamisha ubavuni mwake, maiki karibu na mdomo, kiasi kwamba anawaona na wanamwona lakini sauti zao hazimwagiki sana kwake. Nikavaa hedifoni. Nikasikia chrrr, chrrr, kama mtu anakaanga vitunguu.

Kisha nikakumbuka kuangalia nilivyochomeka. Nilikuwa nimepitisha kwenye kigawio, kile kidude cha kuzidisha matundu, na humohumo nimechomeka modemu, mausi na kifeni cha mezani. Vyote vinagombea waya mmoja. Nikavitoa vyote nikavirusha kitandani, nikauchomeka waya wa printa kwenye tundu la kompyuta yenyewe, bila wakala. Nikachomoa na chaja, kompyuta ikale betri. Pakawa safi. Nikamsikia mama mkubwa anameza mate.

Nikamvalisha na yeye hedifoni. Akaimba neno moja akazivua.

"Kuna mwanamke humu ananiiga!"

Kina mama wakaangua kicheko. Sauti yake ilikuwa inakwenda mpaka kwenye kompyuta ndipo inamrudia, inachelewa kidogo. Kile kisanduku kina kitufe cha mbele cha kukurudishia sauti palepale kabla haijafika kwenye kompyuta. Nikakibonyeza.

"Bado yupo?"

"Kaondoka," akasema. "Haya, nyie, mkae sawa."

Akaanza. Sijui niseme nini juu ya sauti ile. Ilikuwa inapita pembeni ya uvimbe, inabanwa na bado inapanda, na kina mama walivyomwitikia alipanda zaidi, na kwenye ubeti wa nne alimwita mjukuu wake "tunda la mikono yangu", maneno ambayo hakuwahi kuyaweka kwa bi harusi yeyote. Aliimba mara moja tu. Alipomaliza alikuwa anahema, ameshika fremu ya mlango. Mie nilikuwa nalia wazi bila khanga.

Nikafunga njia ya kina mama, nikamchezea ya kwake peke yake. Alijisikiliza beti zote nne hajatikisika.

"Kumbe ndo mie," akasema.

Kisha akamgeukia bi harusi, akamwambia, "Nipangie begi. Weka na zile khanga mpya, nisije nikaonekana sina watu."

Alikwenda. Operesheni ilifanyika salama. Uvimbe ukatoka, wa ukubwa wa embe, na usiku wa tatu alilala chali kama mtoto. Nilidhani shughuli imekwisha. Lakini ikapita wiki moja, mbili, tatu, mama mkubwa hasemi. Daktari alimwambia aanze taratibu, koo linapona vizuri. Akatikisa kichwa. Akitaka maji anaonesha kikombe. Ukimuuliza kitu, anapiga kofi moja ni ndiyo, mawili ni hapana. Mwanamke aliyewahi kumfokea mjumbe mbele ya mkutano, sasa analiogopa koo lake mwenyewe. Hakutaka kulijaribu akakuta hakuna kitu. Niliumia, lakini sikumlazimisha.

Siku ya harusi ikafika. Msafara wa Kunduchi ukajaa uwanja mzima. Bi harusi yuko chumbani, amefunikwa. Kina mama saba wamepanga mstari mlangoni, wamevaa sare, na mbele yao, mahali pake pa siku zote, mama mkubwa, mtandio shingoni, mdomo ameufunga. Mie niko pembeni na kompyuta, na spika nimeichomeka kwenye kile kisanduku cha waya wa printa. Wageni walimwona amenyamaza, wakaanza kunong'onezana.

Nikabonyeza.

"Mlango tumeufungua, mwana wetu twamtoa."

Ilitoka nzito na safi, yeye peke yake. Uwanja wote ukatulia. Ikaja ile nafasi, na kwa muda mfupi sana niliogopa hakuna atakayeitikia. Wakaitikia! Wote saba, kwa nguvu, na nafasi iliwatosha bila kupungua wala kuzidi, kwa sababu ni wao wenyewe walioijaza siku ile tulipoimba pamoja. Ubeti wa kwanza ukaisha. Nyuma mtu akapiga kigelegele. Bi harusi akasimama.

Ubeti wa pili nikamwona mama mkubwa midomo inacheza. Inaitikia. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa wa kutoa, anaitikia, bila sauti.

Ubeti wa tatu, kina mama walipopokea, nikasikia kitu kimezidi. Sauti ya nane. Ya chini, imekwaruzika, lakini ilikuwa ndani ya wimbo sawasawa. Kina mama wakageuka kumtazama, na Mungu awabariki, hawakuacha kuitikia. Mama mkubwa akanigeukia, akaninyooshea mkono. Nikadhani spika iko chini, nikakimbilia kuipandisha. Akatikisa kichwa.

"Zima," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya mwezi mzima. Lilitoka kama mlango wenye kutu. Mie bado nimeshika kitufe cha spika.

"We, zima hiyo. Niachie."

Nikauchomoa waya. Akamgeukia mjukuu wake, akashika kizingiti, akavuta pumzi ndefu, pumzi ambayo hakuwa nayo kwa miaka, akaanza ubeti wa nne mwenyewe. Ilikatika katikati. Akasubiri, akaishika tena. Haikuwa ile ya kwenye kompyuta. Ilikuwa nzito, ina mchanga. Kina mama wakamwitikia mpaka mabati yakaitika, na bi harusi akavuka. Mie nilikuwa nimesimama na waya wa printa mkononi, napiga vigelegele kuliko mtu yeyote uwanjani.